Kisanduku cha Kumi na Moja

Nimefika ukumbini Mabela saa nne asubuhi,
siku ya tatu baada ya harusi.
Viti vimepandana ukutani, taa za vioo zimezimwa,
kiyoyozi kinawanung'unikia watu waliokwisha kwenda zao.
Nina futi ya chuma, kamera, fomu ya kurasa nne.
Kazi yangu ni kuihoji sakafu.

Hapa, asema Mundhir mwenye ukumbi, hapa hasa,
hatua sita kutoka kiti cha bibi harusi.
Napiga magoti. Marumaru hainijibu,
inanionyesha uso wangu tu,
na bado inanukia marashi.

Shangazi wa bwana harusi alipita na mrashi wa fedha,
akinyunyiza kulia, akinyunyiza kushoto.
Utamlaumu nani? Mkarimu?
Miaka tisa nalipa bima ya dhima,
miaka tisa, sijaomba hata baisa moja.
Andika kosa langu. Mikeka ya mpira niliiona Ruwi,
nikasema itaniharibia uzuri wa ukumbi.

Sijapata kuona mtu akiling'ang'ania kosa namna ile.
Wengi hunionyesha jirani.

*

Wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani:
Bi Ghaniya, miaka sitini na mitatu, nyonga.
Kiswahili chake cha Mkunazini,
changu cha kurithi jikoni kwa bibi.
Kabla sijauliza ameniuliza yeye:
mtoto wa nani, mama yako nani, umeoa?
Ndipo akaruhusu fomu.

Nidai? Niidai harusi ya mtoto wa dada yangu?
Watu walipiga vigelegele, mimi nipeleke hesabu?

Si harusi, Bi Ghaniya. Wala si Mundhir.
Ni mfuko, watu wameuchangia.
Watu gani?
Mwenye bwawa la kuogelea Barka. Mwenye bembea Sohar.
Mwenye kiwanja cha nyasi za plastiki kule Amerat,
vijana hukodi usiku, huvunjana miguu.
Nawajua?
Huwajui.
Akatazama dari kitambo.
Basi wamenitolea kabla hawajaniamkia.

Sababu ya ajali? Majaaliwa, akasema.
Fomu haina nafasi ya majaaliwa.
Nikaandika: sakafu yenye unyevu.
Akacheka, nyonga ikamkataza.

Swali la kumi na moja:
je, aliyedhurika alichukua hadhari?

Nilikuwa na dele, mwanangu.
Limejaa, kahawa ya moto, imetoka jikoni sasa hivi.
Mbele yangu kitoto cha watu, na taji lake la plastiki,
kinazunguka, kinazunguka, hakinioni.
Mguu uliponitoka nikalinyanyua dele, hivi —
akainua mkono wenye sindano ya maji,
mpira wote ukatikisika —
nikaenda chini kama gunia la mchele.
Mkono wa kunishika ulikuwa na kazi.

Kahawa ilimwagika?
Tone. Hapa, kwangu.
Alama yenyewe ndogo kuliko punje ya mtama.

Kisanduku kina upana wa ukucha. Ndiyo. La.
Ofisini wataniuliza mbona hakushika kiti,
mbona hakujikinga; ipo asilimia
hukatwa kwa mtu asiyejichunga.
Wanaouliza hivyo si watu wabaya.
Mimi mwenyewe nimeuliza hivyo, mara nyingi,
nikala chakula changu cha mchana.

Na yule mtoto, akasema Bi Ghaniya,
jina lake hata sikulijua.
Uliza, kama itakusaidia.

Nikaiacha Ndiyo, nikaiacha La.
Pembeni, nje ya mstari, kwa herufi za kubana,
nikaandika kisa cha dele,
mpaka ukingo wa karatasi ukanigomea.

Ukumbini kwa wodi wamepiga deki,
kibao cha njano kimesimama katikati.
Nikapita ubavuni mwa ukuta, polepole,
fomu kwapani,
mikono yote miwili mitupu.